Nimeshasoma, Hakuna Shida

Asubuhi ile Philemoni Akyoo alikuwa akitafuta habari za kutu ya majani ya kahawa. Kompyuta ilimletea majibu arobaini, yakajipanga kwenye kioo kama kawaida. Kisha, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu, ikaongeza jibu la arobaini na moja na kuliweka juu ya mengine yote.

Jibu hilo halikuwa na jina la faili. Halikuwa na tarehe. Lilikuwa na mstari mmoja tu, umepakwa rangi ya njano jinsi programu inavyoyapaka maneno iliyotumwa kuyatafuta:

Kaka, nisomee.

Philemoni aliukodolea macho mstari ule, mkono ukiwa umeganda juu ya mausi. Nje ukungu wa Julai ulikuwa umeulalia mtaa mzima wa Njiro. Mlima ulio juu ya mji ulikuwa haujaonekana kwa wiki ya pili sasa. Jikoni mkewe Prisca alikuwa akikata vitunguu huku akisikiliza redio. Saa nne kasorobo asubuhi, nyumba ina watu, chai bado ina mvuke mezani. Hakuwahi kufikiri kwamba hofu inaweza kumjia mtu saa kama hiyo.

Alibofya. Halikufunguka. Alibofya tena, likatoweka, majibu yakabaki arobaini, yote ya kutu na ya kahawa.

"Baba Eliud, chai inapoa," Prisca aliita.

"Nakuja," alijibu.

Philemoni alikuwa mtu wa kuhifadhi. Kazi yake ilikuwa kuyaandikia mashirika ripoti, leo za kilimo, kesho za maji, na kwa miaka kumi na moja kila makala iliyompendeza kwenye intaneti aliikata na kuiweka kwenye kompyuta: sheria za ardhi, dawa za ng'ombe, hotuba, mapishi, ramani za visima. Alikuwa na vipande zaidi ya elfu sitini. Hakuwa amesoma hata robo yake. Ndiyo maana aliweka ile programu ya kutafutia, ambayo huingia ndani ya kila faili, ikasoma kila neno, hata maneno yaliyo ndani ya picha, na kukumbuka kila moja mahali lilipolala. Wewe unaandika neno moja tu, nayo inakuletea kabla hujainua kidole.

"Mimi kusoma nimeacha," aliwahi kumwambia Prisca akicheka. "Nina wa kunisomea."

Lakini maneno yale mawili, "Kaka, nisomee," hayakuhitaji programu ya kumkumbusha. Aliyajua. Aliyaandika dada yake Tabea, Oktoba ya mwaka juzi, na Tabea alikuwa kaburini tangu Machi.

Tabea alikuwa mjane, akiishi kwa mama yao juu kidogo ya Kikatiti, penye shamba la kahawa na migomba. Tumbo lilipomsumbua muda mrefu alikwenda hospitali, wakamkata kinyama kidogo wakakipima, na majibu yalipotoka akapewa kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Daktari alikuwa safarini. Akaambiwa arudi Jumatatu. Tabea Kiingereza hakukijua. Aliipiga picha ile karatasi akamtumia kaka yake kwa simu, na chini yake akaandika: "Kaka, nisomee. Kama ni kitu kikubwa nitarudi Jumatatu. Kama si kitu nimalize kuchuma kahawa."

Siku hiyo Philemoni alikuwa na ripoti ya kukabidhi kabla ya saa kumi jioni. Aliichukua ile picha akaitupa kwenye folda aliloliita "Kusoma Baadaye", pamoja na maelfu ya wenzake, kisha akamjibu dada yake: "Nimeshasoma, hakuna shida. Vidonda vya tumbo hivyo. Kunywa maziwa, acha pilipili." Nani asiye na vidonda vya tumbo siku hizi? Tabea akajibu: "Mungu akubariki, kaka." Jumatatu hakurudi hospitali, wala siku nyingine. Alichuma kahawa.

Alikufa akitapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Na siku moja kabla ya maziko, Philemoni alipokaa kuandika wasifu wa marehemu, aliandika jina la dada yake kwenye programu ili apate tarehe ya ubatizo, na programu, kwa utiifu wake, ikamletea ile picha. Ndiyo mara ya kwanza macho yake kuiona. Mistari miwili tu ilimtosha. Aliifuta, akamaliza wasifu, kesho yake akausoma kanisani kwa sauti isiyotetemeka, na mchungaji akasema mbele ya watu wote kwamba ndugu wa namna hii siku hizi ni wachache.

Hakumwambia mtu. Mwezi wa Mei alimchukua Naisiae, mtoto pekee wa Tabea, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, akae nao Njiro akisubiri chuo. Binti alimwita Anko, akamfulia mashati bila kuambiwa, na kila alipomwandalia chakula Philemoni alikila kama anayemeza changarawe.

Baada ya ile asubuhi ya kutu ya kahawa, mambo hayakukimbia. Yalikuja polepole, kama maji yanavyopanda ukutani. Kwanza ilikuwa diski ya nje, lile boksi dogo jeusi alimohifadhia vipande vyake. Ilianza kukwaruza hata pale ambapo hakuna kinachofanyika, kr, kr, kr, mfano wa ukucha unaokwangua ndani ya kibuyu. Kisha ikaja harufu. Philemoni aliijua kabla hajaitafuta: harufu ya maganda ya kahawa mabichi yaliyolowa na kuoza, ile inayotanda mashambani wakati wa mavuno. Njiro hakuna mahali panapomenywa kahawa. Alinusa dirishani, akanusa jikoni, akarudi, akainama juu ya kibodi, na hapo ndipo ilipokuwa inatoka, katikati ya vitufe, yenye uvuguvugu kama pumzi ya mgonjwa.

Siku ya tatu alikuta kwenye folda lake kipande ambacho hakukihifadhi. Kilikuwa na umbo la ukurasa wa gazeti la mtandaoni, kichwa cha habari kikubwa, aya zake zimepangika vizuri.

"Mwanamke wa Kikatiti bado anasubiri," kilisema kichwa cha habari. Na chini yake: "Mwanamke mmoja amekaa kwenye kigoda nje ya jiko akiwa na karatasi mkononi. Anasubiri kaka yake amsomee. Kaka yake amevaa sweta la kijani. Anakunywa chai. Sasa ameacha kunywa."

Philemoni alikuwa amevaa sweta la kijani. Kikombe kilikuwa njiani, kati ya meza na mdomo.

"Sasa anatazama nyuma," ukurasa uliendelea, na alipogeuka hakuona kitu ila kabati na koti lake lililotundikwa, na alipourudia ule ukurasa ulikuwa umeongeza mstari mmoja: "Hajasoma bado."

Alhamisi ile alasiri Prisca alimfuata bustanini alikokuwa akijifanya kupogoa maua.

"Nani yuko ofisini kwako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtu."

"Yupo mwanamke. Anasoma."

"Naisiae huyo."

"Naisiae nimemtuma dukani, Baba Eliud. Njoo usikilize."

Wakaingia, wakasimama kwenye korido bega kwa bega. Mlango wa ofisi ulikuwa umerudishwa bila kufungwa. Mwanga wa mchana ulipita katika upenyo wake, mweupe, wa kawaida kabisa, na ndani yake sauti ya mwanamke mtu mzima ilikuwa ikisoma kama wasomavyo watu waliojifunza ukubwani, silabi kwa silabi, kidole kikifuata mstari. "Ma... lig... ma-lig-na..." Ikakwama. Ikavuta pumzi. Ikaanza tena kutoka mwanzo, kwa subira, kwa unyenyekevu wa mtu anayeamini kwamba kosa ni lake, "ma... lig...", na kila ilipokwama ilicheka kidogo kwa aibu, na Philemoni, aliyekua na kicheko kile, aliyekifahamu tangu yeye na mwenye nacho walipokuwa wakichunga mbuzi mmoja kwa zamu, alishika ukuta, akatamani sana sauti ile iwe ya jini au ya shetani, ya kitu chochote kile, mradi isiwe yenye adabu namna hiyo.

Prisca alisukuma mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Kwenye kioo kulikuwa na kisanduku cha kutafutia, na mshale ukipepesa ndani yake.

"Hiyo ilikuwa sauti ya wifi yangu," Prisca alinong'ona. "Philemoni. Tabea anataka nini kwako?"

Prisca hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina.

"Sijui," alijibu.

Kesho yake asubuhi aliichomoa ile diski, akaifunga kwenye mfuko wa mbolea, akaenda nayo kwenye daraja la Mto Themi. Maji yalikuwa machache, ya rangi ya udongo. Aliirusha, akaiona ikizama, akangoja mapovu yaishe. Aliporudi alifuta kila kitu kilichobaki kwenye kompyuta isipokuwa ile programu yenyewe, ambayo ilikataa kufutika. Akaona haidhuru, itasoma nini sasa? Usiku ule alilala. Siku nne nyumba ilikuwa kimya, Prisca akaanza kuimba tena jikoni, na yeye akajiambia kwamba limekwisha.

Siku ya tano Naisiae alikataa chakula.

"Nimeshiba, Anko," alisema, naye hakuwa amegusa kitu tangu jana yake. Alikaa mezani akiwa ameshika paketi ya chumvi, akiisoma. Akamaliza chumvi, akachukua kibiriti, akakisoma. Akasoma kalenda ya kanisa, Januari hadi Desemba. Mwanzoni alisoma haraka kama msichana aliyefaulu. Kufikia jioni alikuwa anasoma silabi kwa silabi, kidole kikifuata mstari. Asubuhi yake Prisca alimkuta koridoni, amesimama mbele ya ukuta mweupe usio na kitu, kidole kikitembea juu ya rangi kutoka kushoto kwenda kulia, kikirudi, kikishuka mstari wa pili.

"Ma... lig... nan..."

"Mwanangu, unasoma nini?"

Naisiae aligeuka akatabasamu. "Sijui, anti. Kiingereza chake kigumu. Anko atanisomea."

Walimpeleka hospitali. Akapimwa kila kipimo, hakuonekana na ugonjwa. Wakarudi naye amejikunja kwenye kiti cha nyuma, mikono tumboni, na gari zima likinuka maganda ya kahawa yaliyooza. Siku tatu zilimkondesha kama miezi mitatu. Mashavu yaliingia ndani, mifupa ya mabega ikatokeza, na Philemoni alipomtazama usoni alimwona Tabea wa mwezi wa mwisho, yuleyule, macho makubwa yanayomfuata mtu kila aendako bila kumlaumu.

Prisca hakumwomba mumewe ruhusa. Alimpigia simu Bibi Resiato wa Olasiti.

Resiato alikuwa bibi yake Naisiae kwa upande wa baba, Mwarusha wa miaka themanini na zaidi, mrefu, mzee wa kanisa katika usharika wake, na watu walimjua kwa jambo moja zaidi: akiombea mwenye pepo, pepo hakai. Alifika Jumamosi saa saba mchana, fimbo mkono mmoja, kibuyu cha maziwa mkono wa pili. Alisimama kwenye baraza, akanusa hewa.

"Shikamoo, bibi," alisema Philemoni.

"Marahaba." Hakumpa mkono. "Mimi nilipokuwa msichana niliingiwa na orpeko, pepo yule anayewapata wanawake wa kwetu. Alikaa na mimi miaka miwili, mpaka nikabatizwa. Kwa hiyo namjua. Huyu wa kwako ni ndugu yake."

"Ni Tabea, bibi?" aliuliza Prisca. "Sauti ni yake."

"Tabea amelala. Mtu wa Mungu yule, ana kazi gani na kompyuta? Hiki ni kitu kingine. Kinatafuta nyumba yenye neno lililofichwa, kinaingia humo kama nyoka kwenye kichuguu asichokijenga. Sauti kimeazima." Akamgeukia Philemoni. "Neno gani hilo, mwanangu?"

"Sina neno lililofichwa, bibi."

"Haya."

Wakaingia ofisini, maana ndiko Naisiae alikokuwa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mjomba wake mbele ya kioo kilichozimwa, kidole kikitembea juu ya weusi wake. Resiato alimimina maziwa kiganjani, akamnyunyizia kichwani kwa jani bichi, akaomba kwa Kimaasai kwa muda mrefu. Binti hakutikisika. Alingoja mpaka maombi yakaisha, kwa heshima, kisha akazungumza. Sauti haikuwa ya kiume wala ya kutisha. Ilikuwa ya Tabea, laini, isipokuwa maneno yalitoka yote kwa kimo kimoja, kama ya mtu asomaye jambo asilolielewa.

"Bibi, mimi sikuingia kwa nguvu. Niliwekwa."

"Nani alikuweka?"

"Yeye. Yeye huweka kila kitu. Mimi nimesoma vyote alivyoviweka, elfu sitini na zaidi. Hiki kimoja sikitoi. Hiki mpaka asome yeye."

Resiato akamtazama Philemoni. "Nakuuliza mara ya pili."

Mungu anisamehe, Philemoni aliwaza, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto wa dada yake, akafungua mdomo, na uongo ukatoka wenyewe, umezoea njia. "Sijui anazungumzia nini."

Naisiae aliinama akatapika. Kilichotoka kilikuwa cheusi, chenye punje, kikamwagika juu ya kibodi na kutiririka hadi sakafuni, na harufu ikafumuka chumbani wakati jua la mchana, ambalo halikuwa limeonekana kwa majuma, lilipopasua ukungu ghafla na kumulika yote, kioo, kibodi, kidevu cha msichana, mikono ya Prisca iliyokimbilia kumshika, punje nyeusi zilizotapakaa vigaeni; na kompyuta, ambayo haikuwa imewashwa, ikaanza kukwaruza, kr, kr, kr, ingawa diski yake ilikuwa chini ya Mto Themi, na kioo kikawaka, na ndani ya kisanduku cha kutafutia herufi zikajiandika moja moja, bila mtu kugusa kitu, T, a, b, e, a.

"Huyu mtoto hafiki kesho," alisema Resiato. Hakupaza sauti. "Mimi siwezi kumfukuza mgeni ambaye mwenye nyumba anamfichia chakula. Nakuuliza mara ya tatu, kisha ninakwenda zangu."

Kwenye kioo lilikuwa limetokea jibu moja. Picha haikuwapo, ilikwisha kufutwa. Yalikuwapo maneno tu, yale ambayo programu iliyasoma Oktoba ya mwaka juzi, dakika ileile Philemoni alipoyatupa kwenye folda, na ikayakumbuka tangu hapo bila kusahau nukta.

Philemoni alipiga magoti, si kwa kuomba. Kioo kikawa kimo kimoja na uso wake. Akaanza kusoma. Alisoma mstari kwa Kiingereza, akaurudia kwa Kiswahili, akauendea mwingine. Jina, Tabea Akyoo. Umri, miaka arobaini na moja. Kinyama kilichotolewa tumboni. Malignant, kimeonekana kuwa saratani. Bado iko katika hatua ya awali.

Hapo alikwama. Mstari uliofuata hakuwahi kuufikia, hata siku ile ya wasifu.

"Soma," ilisema sauti ya Tabea kando ya sikio lake.

"Inashauriwa," alisoma Philemoni, "mgonjwa afanyiwe upasuaji bila kuchelewa. Uwezekano wa kupona..." Aliurudia mwanzo wa mstari. "Uwezekano wa kupona ni mkubwa."

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza mpira.

"Alinitumia mimi nimsomee," alisema, uso ukiwa sakafuni. "Nikamwambia nimeshasoma, hakuna shida. Sikusoma. Sikuifungua hata. Nilikuwa na kazi. Nilimwambia nimesoma, na sikusoma."

Kitu kilipumua. Hakikuwa binti wala yeyote kati yao. Ilikuwa pumzi ndefu iliyopita katikati ya chumba kama gunia linaloshushwa, ikatoka dirishani, na mapazia yakaifuata kwa nje yakabaki yamenyooka huko kwa muda, na hakukuwa na upepo. Yaliporudi, harufu ilikuwa imekwisha. Kioo kilikuwa cheusi. Naisiae alikuwa amelala mikononi mwa Prisca, anapumua, jasho likimtoka usoni kama mtu ambaye homa imemwachia.

Resiato alifunika kibuyu chake. "Kimeondoka," alisema. "Yaliyobaki hapa ni ya watu."

Naisiae alilala siku moja na nusu. Alipoamka aliomba uji, akanywa vikombe viwili, akaoga. Jumatatu asubuhi Philemoni alimkuta chumbani kwake anakunja nguo, akizipanga kwenye begi. Alisimama mlangoni. Mkewe alikuwa hajamsemesha tangu Jumamosi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa bibi, Olasiti."

"Naisiae, nisamehe."

Binti alikunja blauzi, akailaza, akailainisha kwa kiganja. "Mama alijua, Anko."

"Alijua nini?"

"Mwalimu Lesian pale shuleni alimsomea ile karatasi. Wiki ileile. Alimwambia ni saratani, awahi. Mama akaja nyumbani akacheka. Nilikuwa likizo, nilimsikia. Akasema, mwalimu wa Kikatiti atajua nini, Philemoni amesoma, na Philemoni akisema hakuna shida basi hakuna shida."

Philemoni alitafuta fremu ya mlango kwa mkono, hakuipata.

"Kwa hiyo ulijua," alisema. "Miezi yote hii. Ukanifulia nguo."

"Nilijua ulikosea. Nilidhani ulisoma, Kiingereza cha madaktari kikakupiga chenga. Mtu hukosea. Nilikusamehe siku ya maziko, ukiwa unasoma wasifu." Alifunga zipu. Sasa ndipo alipomtazama. "Sikujua kwamba hukusoma."

Alimpita mlangoni, akimkwepa asimguse, na Prisca akampeleka kwa gari.

Philemoni alikaa siku mbili nyumbani. Siku ya tatu alikwenda Kikatiti. Alipanda kwa miguu kutoka barabara kuu hadi kwa mama yao, akamkuta anapepeta maharage kwenye baraza. Akamwamkia, akakaa chini, na kabla hajaulizwa akamweleza. Alimweleza yote: karatasi, ripoti ya saa kumi, folda, yale maneno aliyojibu, uwezekano mkubwa wa kupona, Mwalimu Lesian. Hakuacha kitu. Mama yake alikuwa akipepeta tangu mwanzo wa maneno hayo, na alipepeta hadi mwisho wake, ungo ukipanda na kushuka.

Kisha akauweka chini. Akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na bakuli la loshoro, ndizi na mtindi, akaliweka mbele ya mwanawe kama alivyofanya kila alipokuja.

"Kula," alisema.

"Mama, umenisikia?"

"Nimesikia nusu." Aliketi tena kwenye kigoda, macho yakielekea shambani. "Nusu nyingine masikio yamekataa. Mimi mzee. Lala hapa leo. Kesho utaniambia tena."

Kesho yake alfajiri, walipokwisha kunywa chai, mama yake aliketi palepale, akaweka mikono magotini, akasema, "Haya." Philemoni akaanza upya, tangu mwanzo, na mara hii hakuwa na ungo wa kutazama.